Ua la Usambara kwenye mapokezi ya ugenini

Basi linapoiacha barabara kuu pale Mombo, joto la tambarare za mkonge hubaki nyuma haraka. Njia hupanda kilomita zipatazo 33 hadi Lushoto, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, ikipita Soni penye maporomoko ya maji. Desemba ni mwezi wa kurudi nyumbani. Mabasi hujaa watu na mizigo, kando ya barabara watoto huinua vikapu vya plamu na fyulisi, na mjini nyumba za wageni hukosa nafasi. Ndani, kwenye ukumbi wa mapokezi, pambo la sikukuu halibadiliki sana: mkrismasi umesimamishwa kwenye ndoo ya mchanga kando ya kaunta, taa ndogo za rangi zimezungushwa, na vipande vya pamba vimetandazwa juu ya matawi viwe theluji.

Ukilichambua pambo hilo kitu kimoja kimoja, utakuta sehemu kubwa ya historia ya milima hii imo mle ndani ya ndoo.

Tuanze na jina la mti wenyewe. Pwani, ukimtajia mtu mkrismasi, atakuonyesha ule mti mpana unaowaka maua mekundu kuanzia Novemba, wenye asili ya Madagaska, unaotia kivuli barabara za Tanga na Dar es Salaam. Ukipanda mlima, jina hilo hilo hupewa mti mwingine kabisa: mwembamba, wa kijani kibichi mwaka mzima, majani yake kama magamba, harufu yake kama ya utomvu. Wa pwani umepata jina kwa sababu ya majira ya kuchanua kwake, na wa mlimani kwa sababu ya umbo. Na umbo hilo lina watu walioingia nalo.

Mwaka 1891 wamisionari wa Kijerumani Ernst Johanssen na Paul Wohlrab walifika Mlalo na kufungua kituo walichokiita Hohenfriedeberg. Kabla karne haijaisha, serikali ya kikoloni nayo ilikuwa imepanda mlimani na kufanya makao ya wilaya mahali palipopewa jina la Wilhelmstal, Bonde la Wilhelm, kumtukuza Kaisari wao. Hapo ndipo Lushoto ya leo. Wageni hao walikuja na sikukuu yao, na sikukuu yao ilikuwa na mti. Huko kwao, desturi ya kusimamisha mti ndani ya nyumba ilianzia kwenye miji michache, ikaenea nchi nzima hasa katika karne ya 19, hata watu wakaanza kuhofia misitu itakwisha. Baadhi ya mafundi wa Ujerumani wakabuni mti wa bandia kwa kufunga manyoya ya bata bukini yaliyotiwa rangi ya kijani kwenye waya. Kwa hiyo mti wa plastiki unaouzwa leo madukani una babu yake, na babu huyo alizaliwa kwa kuuonea msitu huruma.

Usambara haikuwa na mti wa Krismasi wa Kijerumani. Ilikuwa na mwangati.

Mwangati ni mti wa asili wa nyanda za juu, jamii ya mwerezi. Mbao zake ni nyekundu, hazishambuliwi na mchwa kwa urahisi, na zikirandwa hutoa harufu ile ile inayotoka penseli inapochongwa. Harufu hiyo ndiyo iliyouponza. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo mwaka 1905, na baada yake kampuni ya Wilkins & Wiese ikaanza kuvuna mwangati wa Shume. Tatizo lilikuwa kuteremsha magogo kutoka kwenye kingo za mlima hadi relini. Jawabu likatoka Leipzig kwa kampuni ya Adolf Bleichert: njia ya kamba za chuma yenye urefu wa takribani kilomita 9, kutoka Neu-Hornow, yaani Shume, hadi Mkumbara chini kwenye tambarare. Mbao zilining'inia hewani juu ya mapengo ambayo mtu huogopa hata kuchungulia. Njia hiyo ilikuwa imekwisha kuanza kufanya kazi kabla ya vita ya 1914.

Wakati mwangati ukiteremka, miti migeni ilikuwa ikipanda. Katika msitu wa kupandwa wa Shume leo, jicho linakutana na misindano na mikrismasi iliyopangwa mistari kama wanafunzi kwenye gwaride. Mkrismasi wa milimani una jina la kitaalamu linaloitaja Ureno, lakini kwao ni Meksiko na nchi jirani. Msindano unaopandwa sana milimani nao ni wa Meksiko. Ua jekundu la poinsetia, ambalo Ulaya na Marekani huuzwa kwenye kopo kila Desemba na ambalo nyanda zetu za juu huota kichaka kizima kando ya ukuta, ni la Meksiko vilevile. Jina lake limetokana na Joel Poinsett, mwakilishi wa Marekani nchini humo katika miaka ya 1820. Na tukiongeza kamba ya mkonge inayofungia pambo zima, mambo ni yale yale. Mkonge ni wa Yucatán. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, ikafika 62 tu iliyo hai, na hiyo 62 ikawa mama wa mashamba yote ya Tanga yanayoonekana kutoka kwenye vilele vya Usambara.

Basi mapokezi ya hoteli ya Lushoto wakati wa Krismasi yamepambwa kwa Meksiko karibu kutoka juu hadi chini, kwa desturi iliyotoka Ujerumani. Hakuna ubaya katika hilo. Mahindi pia yalitoka Meksiko, na hakuna Msambaa anayeuona ugali kuwa kitu cha ugenini. Linalouma ni jambo lingine: mmea wa Usambara wenyewe, uliokwisha kupamba kumbi za dunia nzima, humo ndani haumo.

Mmea huo ni mdogo, hauvuki kiganja. Majani yake ni manene, ya duara, yenye vinyweleo laini kama sikio la panya, yamejipanga kama sahani. Katikati huchomoza vijiti vyenye maua ya zambarau, petali tano kila moja, mbili za juu ndogo kuliko tatu za chini, na pale katikati vifuko viwili vya chavua vya manjano ambavyo humfanya mtu ainame aangalie tena. Huota kwenye mianya ya miamba yenye kivuli, penye unyevu, mahali ambapo mpita njia huona kuvumwani na ukoka tu.

Watu wa kwanza waliopeleka sampuli zake Uingereza walikuwa John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, mwaka 1884, na William Taylor, mmisionari wa Mombasa, mwaka 1887. Jina la pili lisipite bure. Huyu ndiye Taylor ambaye, pamoja na Mwalimu Sikujua, aliokoa mashairi ya Muyaka, mshairi wa Mombasa, yasipotee. Lakini sampuli zile zilikuwa zimekauka, na hazikutosha wataalamu kuutambua mmea.

Aliyefaulu ni Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Kijerumani mjini Tanga. Naye alikuwa mtu wa Kiswahili: mwaka 1890 alikuwa amechapisha kitabu cha kufundishia lugha hii kwa Wajerumani. Aliukuta mmea mahali pawili, kwenye miamba ya chokaa karibu na Tanga na ndani ya msitu wa Usambara, akampelekea baba yake Ulrich, mpenzi mkubwa wa mimea. Baba akaufikisha kwa Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover. Mwaka 1893 Wendland akaupa jina Saintpaulia ionantha, kuwaenzi baba na mwana, na mwaka huo huo ukaonyeshwa kwenye maonyesho ya kimataifa ya bustani mjini Ghent, Ubelgiji, ukawa mmoja wa mimea miwili iliyowavutia zaidi wataalamu. Kampuni ya mbegu ya Ernst Benary huko Erfurt ikaanza kuuza mbegu zake. Wajerumani mpaka leo huuita Usambaraveilchen, yaani urujuani wa Usambara. Waingereza waliutaja kwa jina la Afrika nzima, African violet, na hapo mlima ukaanza kusahaulika.

Marekani ndiko ulikofanywa mfalme wa dirishani. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni ya Armacost & Royston ya Los Angeles iliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, ikaotesha miche ipatayo 1,000, ikachagua aina kumi tu. Moja ya hizo kumi, iliyopewa jina la Blue Boy, ndiyo mzazi wa maelfu ya aina zilizofuata. Mwaka 1946 maonyesho ya ua hilo yalifanyika Atlanta, na kutokana nayo kikazaliwa chama cha wapenzi wake, African Violet Society of America. Hadi sasa chama hicho hufanya mkutano wake wa mwaka hotelini, kumbi zikajazwa meza za maua haya yaliyopangwa kwa rangi na ukubwa, waamuzi wakipita na karatasi zao.

Kwa nini hotelini na majumbani hasa? Kwa sababu mmea huu ulizaliwa kivulini. Hautaki jua kali, hupenda joto lile lile analolipenda binadamu ndani ya nyumba, na wakuzaji waligundua kwamba huchanua vizuri hata chini ya taa za mirija. Pia husafiri kirahisi. Jani moja likikatwa na kikonyo chake huweza kutumwa kwa posta, likachomekwa kwenye udongo, likaota mmea mpya.

Wataalamu walipozidi kuchimbua, majina ya vilima vyetu yakaingia kwenye vitabu vya bustani: amaniensis, magungensis, tongwensis. La kumgusa mtu wa Lushoto ni shumensis, wa Shume, mlima ule ule uliovuliwa mwangati wake. Mmea huu wa Shume ni mfupi kuliko wenzake, na damu yake imetumika kuzalisha zile aina ndogo kabisa zinazokaa ndani ya kikombe cha kahawa. Mwaka 2015 wataalamu waliuhamishia ukoo mzima kwenye jenasi nyingine, Streptocarpus, lakini mauzo hayakujali.

Sasa, fundi anayepewa kazi ya kupamba ukumbi mkubwa wa hoteli Lushoto ana mali ambayo mwenzake wa Dubai hana. Mkrismasi atapata kwenye msitu wa kupandwa, kwa kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Nyota atasuka kwa mkonge wa Tanga, mweupe, wenye kung'aa ukichanwa vizuri. Kipande cha mwangati wa zamani, kilichotoka kwenye mlango au kabati lililovunjika, akikwangua kidogo kila asubuhi kitafanya kazi ya ubani. Asichopaswa kukiruhusu ni kupeleka vijana kwenye msitu wa hifadhi wa Magamba wakang'oe maua na kuvumwani kwenye miamba. Hifadhi za Magamba na Amani, hii ya pili ikiwa imetangazwa mwaka 1997, ni miongoni mwa ngome zilizobaki, na aina kadhaa za ua hili hupatikana kwenye vipande vidogo sana vya msitu. Mwamba ukipoteza kivuli chake, ua hukauka.

Mmea wa kopo unatosha, ule uliozalishwa kitaluni. Kinachohitajika ni subira. Jani lenye afya hukatwa masika yanapoanza, mwezi Machi, kikonyo kikiachwa urefu wa kidole gumba, kikatwe mshazari, kichomekwe kwenye mchanga uliochanganywa na mboji. Maji yawe ya uvuguvugu na yasiguse jani, maana maji baridi huliachia madoa. Baada ya wiki kadhaa vichipukizi kama masikio ya watoto wa panya hutokeza pembeni ya kikonyo. Vikitenganishwa Juni na kuwekwa karibu na dirisha lisilopigwa na jua, vitakuwa na maua wakati basi la kwanza la Desemba linapofika stendi.