Samoni wa Mto Mattole

Uzima wa mto hutoka katika milima iliyouzunguka. Mlima ukivuliwa miti yake, mto ulio bondeni ndio upatwao na maradhi. Ushahidi wa neno hili ni historia ya Mattole, mto mdogo wa kaskazini ya California, Marekani, uingiao katika Bahari ya Pasifiki karibu na kijiji cha Petrolia.

Samaki aitwaye samoni huzaliwa katika maji matamu, akaenda kukulia baharini, kisha akarudi mto ule ule ili azae na kufa. Jike hufukia mayai chini ya changarawe, nayo huishi kwa maji safi yapitayo kati ya mawe. Tope likijaa humo, mayai hufa kabla ya kuanguliwa.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili wakata magogo waliingia bondeni na mitambo yao, na katika muda wa miaka arobaini zaidi ya sehemu tisa katika kumi za msitu wa kale zilikatwa. Mafuriko ya 1955 na 1964 yaliikuta miteremko uchi. Udongo uliporomoka, vilindi vilivyokuwa maficho ya samaki vikafukiwa, na mto ukawa mpana, wa kina kidogo, wenye joto wakati wa kiangazi.

Mwaka 1980 wakazi, wakiwamo David Simpson na Freeman House, waliunda chama cha kujitolea cha kuwasaidia samoni. Hawakutaka samaki wa mto mwingine, kwa kuwa mbegu ya Mattole ilikuwa imeyazoea maji ya Mattole kwa vizazi visivyohesabika. Basi usiku wa baridi walikesha mtoni, wakanasa samaki wazima, wakatoa mayai na kuyatunza katika masanduku ya changarawe yapitishwayo maji safi. Watoto wa shule walishiriki kuwaachia vifaranga mtoni.

Lakini kazi hiyo ilizaa swali: kifaranga aliyelewa kwa uangalifu, kisha akatiwa katika mto mgonjwa, amesaidiwa nini? Kwa hiyo mwaka 1983 liliundwa baraza la kutengeneza bonde zima. Miti ilipandwa, barabara mbovu zilizomwaga udongo zilitengenezwa, na magogo yakawekwa mitoni ili vilindi vichimbike tena. Haikuwa kazi nyepesi, maana mfugaji, mkata magogo na mgeni wa juzi hawakuaminiana.

Ushindi haukuwa kamili. Serikali ya Marekani iliwaandika samoni aina ya koho wa pwani hiyo katika orodha ya walio hatarini mwaka 1997, na aina ya chinuki mwaka 1999. Hata hivyo fikira zilikuwa zimegeuka. Baadaye baadhi ya wenye nyumba karibu na chanzo cha mto walikubali kuweka akiba ya maji katika matangi, wasichote mtoni wakati wa kiangazi. Hapo mwanadamu alikuwa amekubali kugawana na samaki kitu ambacho yeye mwenyewe alikihitaji.