Kisima na Mgomba katika Nchi ya Rungwe

Suma, katika wilaya ya Rungwe, ni nchi ya mvua nyingi, migomba na chai. Mafuta hayakupatikana huko. Walakini ardhi ya wilaya hiyo haikutulia. Mlima Kyejo ulitapika moto yapata mwaka 1800, na mpaka leo hewa ya ukaa hupanda kutoka chini yake, nayo huchimbwa na kuuzwa. Mwaka 2021 vilitobolewa visima vya kupimia joto la ardhi huko Kiejo-Mbaka, kwa nia ya kupata umeme. Kwa hiyo swali la nchi za mafuta, yaani kisima kina faida gani na hatari gani kwa wanakijiji, ni swali la Rungwe pia.

Mfano wa kupimia uko pwani. Gesi ya Songo Songo, Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974, ikakaa ardhini miaka 30 kabla ya kufika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004. Faida yake si ndogo, maana nchi iliyotegemea mabwawa iliingia gizani kila mvua zilipokosekana. Gesi ya Mnazi Bay, mkoani Mtwara, iligunduliwa mwaka 1982. Ilipoamuliwa kwamba nayo ipelekwe Dar es Salaam, watu waliandamana Desemba 2012, na Mei 2013 zikazuka ghasia zilizoua watu. Ni kosa kudhani kwamba Mtwara iliikataa gesi. Iliitaka mno, ilichokataa ni kuiona ikipita.

Hewa ya ukaa ina hatari yake, kwa kuwa ni nzito na hutuama mabondeni. Mwaka 1986 ilifumka kutoka ziwa Nyos, Kameruni, ikaua watu wapatao 1,700. (Hapakuwa na kisima Nyos, hatari ya namna hii haimngoji mchimbaji, na pengine vyombo vyake vya kupimia ni kinga.)

Lakini lililo zito zaidi Rungwe ni habari ya vizazi. Monica Wilson, katika kitabu chake Good Company cha mwaka 1951, alieleza ubusoka wa Wanyakyusa: mara moja katika kila kizazi, wazee waliwakabidhi vijana utawala wa nchi, na vijiji vya vijana vikapata ardhi yake. Jambo hilo lilifanywa hadharani. Kisima nacho hudumu kizazi kizima. Leseni ya Songo Songo ya mwaka 2001 ilikuwa ya miaka 25. Walakini fidia hulipwa mara moja, kwa yule aliye shambani siku ya kuhesabu mimea. Mgomba mmoja hukatwa, chipukizi likashika mahali pake, na mjukuu akala shamba la babu. Hesabu ya fidia haimwoni mjukuu huyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 humpa mwanakijiji sauti juu ya uso wa ardhi, ila kilicho chini ni mali ya taifa.

Kenya, kwa sheria yake ya petroli ya mwaka 2019, iliwatengea wenyeji asilimia 5 ya fungu la serikali. Fungu la namna hiyo, likilipwa mwaka hata mwaka, lingemfikia hata mtoto ambaye baba yake alikwisha kupokea fidia na kuitumia.