BSA Bantam: pikipiki ya Mjerumani iliyofufukia Kawangware

Leo naweka kando hifadhidata na seva. Nataka tuzungumzie kunakili msimbo, ila msimbo wenyewe umeandikwa kwa chuma.

Mwaka 1939 kiwanda cha DKW, mjini Zschopau nchini Ujerumani, kilibuni pikipiki ndogo iitwayo RT 125. Injini yake ni ya mipigo miwili. Haina vali. Vinavyocheza ndani ni vitu vitatu tu: pistoni, mkono wake na kranki. Ujerumani iliposhindwa vitani mwaka 1945, washindi walichukua michoro hiyo kama fidia. Mrusi akatengeneza Moskva, Harley-Davidson ya Marekani ikatoa yake, na Mwingereza akatoa BSA Bantam mwaka 1948. Mjapani hakugawiwa kitu, kwani naye alikuwa ameshindwa, lakini alinakili hivyo hivyo. Mwaka 1955 Yamaha, waliojulikana kwa kuunda vinanda, waliingia katika biashara ya pikipiki na YA-1, iliyopewa jina la utani Kerengende Mwekundu.

Waingereza walifanya kituko kimoja. Waliugeuza mchoro ukawa kama unavyoonekana kwenye kioo, ili gia ikae kulia walivyozoea, halafu vipimo vya milimita wakavifanya inchi. Kumbukeni hizo inchi, tutazirudia.

Huku kwetu pikipiki za Kiingereza zilifika enzi za ukoloni, zikafuatwa na za Kijapani. Kisha mwaka 2008 serikali ya Kenya ikaondoa kodi kwa pikipiki ndogo, na bodaboda zikajaa kila kona: Boxer, TVS na za Kichina. Karibu zote ni za mipigo minne. Matokeo yake ni kwamba fundi aliyejifunza kazi katika zama za bodaboda huenda hajawahi kufungua injini ya mipigo miwili hata mara moja. Ujuzi huo unazeeka pamoja na wenyewe.

Bantam ninayoisimulia ilikuwa Kibera, nyuma ya nyumba ya mzee mmoja Mnubi, imefunikwa mabati. (Wanubi ni wazao wa askari wa King's African Rifles, na Kibera yao ilitengwa mwaka 1912, ekari 4,197. Leo wamebaki na kipande tu, lakini hiyo ni makala nyingine.) Mzee aliiendesha kwenda kazini miaka ya sitini. Ilikuwa haijanguruma kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwanzoni mwa 2022 wajukuu walishaafikiana kuiuza kwa kilo. Januari hiyo serikali ikapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu, baada ya watu kuhujumu nguzo za umeme, na mizani ya mnunuzi ikanyamaza. Nikajua marufuku haitadumu, na kweli haikufika nusu ya mwaka. Nikamwendea mzee.

"Ichukue, kijana wangu," aliniambia. "Lakini usiniletee picha, macho yangu yamekwisha. Niletee sauti yake."

Tukaisukuma hadi Ngong Road, tukapinda Dagoretti Corner, tukashika Naivasha Road mpaka Kawangware. Mafundi wawili vijana waliitafuta vali, wakatikisa kichwa. Wa tatu alikuwa na mvi, na ujana wake wote aliumalizia kwenye Yamaha za mipigo miwili. Alitia kidole kwenye tundu la moshi, akaisikiliza silinda kwa kuigonga, akasema, "Hii ni Yamaha iliyogeuzwa." Hajawahi kusikia habari za DKW. Nilipomsimulia alicheka: "Basi ni binamu."

Pistoni ilikuwa imeganda. Alimimina oili na mafuta ya taa kupitia tundu la plagi, akaiacha siku nne, kisha akaigonga polepole kwa kipande cha mti mpaka ikalegea. Kazi kubwa ilikuwa sili za kranki. Katika injini hii pistoni ikipanda hufyonza hewa na petroli chini yake, ikishuka huisukuma juu kwenye silinda. Yaani sanduku la kranki ni pampu, na sili ikipasuka pampu inavuja, hata cheche iwe nzuri namna gani. Bahati nzuri sili huuzwa kwa vipimo, si kwa jina la pikipiki. Kirinyaga Road walitupatia mbili zilizoingia barabara.

Inchi nazo zikatusumbua. Boliti zilizoliwa na kutu hazikupata mwenzake dukani, maana hesi zake si za milimita. Ikabidi turudi Kibera kwa mkerezaji mmoja, akazichonga upya kwa kufuatisha ile moja iliyobaki nzima. Cheche ilirudi kwa msasa laini na kondensa ya gari kuukuu. Tukachanganya oili na petroli, 1 kwa 24, tukaanza kupiga kiki.

Sikuhesabu ni mara ngapi. Iliwaka jioni, moshi wa buluu ukafunika uchochoro mzima na mama wa mboga akatufukuza.

Jumapili tuliipeleka Kibera. Mzee aliletewa kiti nje. Fundi akaiwasha, mzee akainamisha kichwa, akasikiliza kwa muda mrefu, mkono wake ukitafuta tanki. Kisha akasema, "Cheche inachelewa."

Fundi alinitazama. Akafungua kifuniko cha sumaku, akasogeza sahani ya cheche kidogo sana, akaiwasha tena. Ule mlio wa kukwaruza ukaondoka. Mzee akaagiza chai.

Zimebaki breki ya mbele na taa, ambayo kwa volti 6 inamulika kama kibatari.