Askari akihukumiwa, mshahara na pensheni yake vinaenda wapi?

Mjini Kalemie, anayesikiliza redio ikitangaza hukumu ya korti ya kijeshi hushika kwanza hesabu ya miaka: mitano, kumi, ishirini. Lakini jaji huwa hajamaliza. Baada ya miaka husoma maneno mengine ambayo ni wachache wanaoyakumbuka jioni: kuvuliwa cheo, kufukuzwa jeshini, kulipa fidia kwa walioumizwa. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayoamua kama mke wa askari ataendelea kupokea kitu mwisho wa mwezi, na kama mama aliyebakwa au kuchomewa nyumba ataona hata franka moja.

Habari hii ni ya zamani kuliko Kongo huru. Jeshi la kikoloni, Force Publique, lilikuwa na korti zake za vita tangu enzi ya mfalme Leopold wa Pili. Mwezi wa Septemba 1893 korti ya namna hiyo ilimhukumu Ngongo Lutete, mkuu wa vita wa upande wa Lomami, aliyekuwa amewaacha wafanyabiashara Waarabu na kujiunga na Wabelgiji. Walimshitaki kwa usaliti, wakampiga risasi kule Ngandu. Kesi ilikuwa ya haraka, na hata Wazungu kadhaa waliona baadaye kwamba ilikuwa kosa. Askari wake wengi walipelekwa Luluabourg, ambayo leo ni Kananga, wakawekwa chini ya afisa mkali aliyeitwa Pelzer. Mwezi wa Julai 1895 waliasi wakamuua. Walikuwa na sababu zaidi ya moja: mapigo, kifo cha mkuu wao, na mshahara uliokuwa haulipwi. Ngongo alihukumiwa peke yake, lakini wakoloni walitumia miaka mingi kuzima moto uliowashwa na watu wake.

Mshahara umerudi tena na tena katika kesi za askari. Ng'ambo ya ziwa, katika nchi iliyokuwa bado inaitwa Tanganyika, askari wa kambi ya Colito mjini Dar es Salaam waliasi tarehe 20 Januari 1964, na wenzao wa Tabora wakafuata siku iliyofuata. Walitaka nyongeza ya mshahara na kuondolewa kwa maofisa Waingereza. Wanajeshi wa Uingereza waliuzima uasi ule tarehe 25. Waliofikishwa mbele ya korti ya kijeshi walikuwa wachache, na sajenti mmoja alipewa miaka 15. Hata hivyo jeshi zima lilivunjwa, na mamia ya askari ambao hawakuhukumiwa na jaji yeyote walirudishwa vijijini mwao. Kazi yao ilikwisha hapo. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo jeshi jipya likaundwa, na nafasi nyingi zikachukuliwa na vijana wapya.

Kwetu Kongo, sheria zinazotumika leo katika korti za kijeshi ni mbili, zote za tarehe 18 Novemba 2002. Moja inapanga korti zenyewe, nyingine inataja makosa na adhabu. Kabla ya hapo, kuanzia 1997, palikuwa na korti maalumu ya kijeshi iliyohukumu bila nafasi ya kukata rufaa, na watu wengi bado wanaikumbuka kwa woga. Sasa kuna ngazi: tribunali ya kijeshi ya ngome, kama ile ya Kalemie, huhukumu askari hadi kapiteni, meja na kanali huenda korti ya kijeshi ya juu yake, majenerali huenda Korti Kuu ya Kijeshi mjini Kinshasa.

Sheria nyingine, namba 13/005 ya tarehe 15 Januari 2013, ndiyo inayoeleza maisha ya mwanajeshi wa FARDC tangu anapoingia hadi anapotoka: cheo, mshahara, kustaafu, na haki za mjane na mayatima akifa. Hapo jamaa nyingi huchanganya mambo. Kuvuliwa cheo si sawa na kufukuzwa. Aliyeshushwa cheo bado ni mwanajeshi: mshahara unapungua, miaka yake inaendelea kuhesabiwa. Aliyefukuzwa jina lake linatoka kwenye orodha, na mshahara unasimama. Naye hapiti mlango wa kustaafu, ambao ndio unaofungua pensheni. Kama alitumika miaka 25, miaka hiyo haimbebi tena. Mke wake, ambaye hakusimama mbele ya jaji yeyote, anaweza kuambiwa pia atoke kambini na watoto.

Kuna jambo moja ambalo jamaa za askari hawaambiwi vya kutosha. Katiba ya 2006, kifungu cha 17, inasema mshitakiwa anahesabiwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho. Kwa hiyo askari aliyekata rufaa hajawa bado raia aliyefukuzwa. Rufaa ina siku zake, na siku hizo ni chache. Anayengoja kupata pesa za kumlipa mwanasheria mara nyingi hukuta siku zimekwisha.

Lakini upande wa pili wa korti wamekaa watu wengine, na katika mji kama Kalemie, uliojaa waliokimbia makwao, hao ndio wengi. Mwezi wa Desemba 2003, kule Songo Mboyo katika jimbo la Équateur, askari waliwaasi wakuu wao waliowashitaki kula mshahara wao. Hasira ile iliwageukia wanakijiji, na wanawake wengi wakabakwa. Mwaka 2006 tribunali ya kijeshi ya Mbandaka iliwahukumu askari saba kwa jinai dhidi ya binadamu, na kuiamuru serikali ilipe fidia pamoja nao. Ilikuwa hukumu kubwa. Karibu na kwetu, mwezi wa Februari 2011, korti ya kijeshi ya Kivu ya Kusini ilikuja hadi Baraka, kwenye ziwa letu, ikampa miaka 20 luteni-kanali Kibibi Mutware kwa ubakaji uliofanyika Fizi siku ya mwaka mpya. Maofisa watatu walipata miaka hiyohiyo. Fidia pia iliamriwa.

Basi nani alipe? Askari aliyefukuzwa hana mshahara wa kukatwa na hana pensheni ya kukamatwa. Anabaki serikali, na fidia zilizoamriwa katika kesi za namna hii zimekuwa zikingojwa miaka na miaka. Adhabu inayomnyang'anya mkosaji kila kitu ni ya haki machoni pa aliyeumizwa, lakini haimwekei kitu mkononi. Ukweli huu ni mchungu, na mbele ya korti husemwa kwa sauti ndogo.

Wakaaji wa Ankoro, katika eneo la Manono, hawakufika hata hapo. Mwezi wa Novemba 2002 vita kati ya jeshi na Mai-Mai viliua watu wengi na kuteketeza maelfu ya nyumba. Kesi ilisikilizwa mbali nao, Lubumbashi, na mwisho wa 2004 korti ilikataa kuyaita yale jinai dhidi ya binadamu.

Pamebadilika kitu? Kwa upande wa mshahara, ndiyo, kiasi. Kuanzia 2005 ujumbe wa Ulaya ulioitwa EUSEC ulisaidia kuhesabu askari na kutenganisha njia ya pesa na njia ya amri, ili kamanda asishike tena fungu la kikosi kizima. Baadaye mishahara ikaanza kupitia benki. Kwa upande wa walioumizwa, sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 imeunda mfuko wa taifa wa fidia, FONAREV, kwa walioteswa na ubakaji wa vita na jinai nyingine kubwa. Mfuko huo haungoji mshahara wa mkosaji.

Swali limerudi kwa nguvu tangu Februari 2025. Bukavu ilipoanguka, boti zilizotia nanga Kalemie zilileta mama na watoto na magodoro yao, na zikaleta pia askari waliotoka mstari wa mbele. Kukimbia adui ni kosa ambalo sheria ya 2002 inaliadhibu hadi kifo. Mjini Goma, mwezi wa Mei 2024, askari wanane walikuwa wamekwisha kupewa adhabu hiyo, miezi miwili tu baada ya serikali kuondoa zuio la kunyonga lililodumu tangu 2003. Katika boti moja walikaa bega kwa bega mtu anayeweza kushitakiwa kesho na mama anayeweza kuitwa kutoa ushahidi. Wote wawili walishuka kwenye bandari ileile, wakiulizia mahali pa kulala.