Beji ya kadeti

Nomino, ngeli ya I-/ZI-. Alama ndogo, aghalabu ya madini, inayopachikwa mbele ya kofia ili kutambulisha kikosi, chuo au shule ya mvaaji. Neno beji limetoholewa kutoka Kiingereza.

Matumizi. Beji, nembo na nishani si visawe. Nembo ni umbo lenyewe linalotambulisha. Zamani neno hilo lilitumika pia kwa chale za mwilini. Beji ni kipande kinachobeba nembo. Nishani hutunukiwa mtu kwa utumishi au ushujaa, na huvaliwa kifuani. Mkusanyaji akiandika “nishani” chini ya beji ya kofia, humpa kijana wa gwaride heshima ya vita asivyopigana.

Kadeti nalo lina maana mbili: mwanafunzi wa shule anayefunzwa ukakamavu wa kijeshi, na mtu mzima anayeandaliwa kuwa ofisa wa jeshi. Kwa hiyo “beji ya kadeti” pekee haitoshi. Itajwe shule au chuo.

Mfano. Tuseme familia ya Isikizya, wilayani Uyui, imefungua kasha la marehemu babu na kukuta beji ya kofia. Mkoa wa Tabora una historia zote mbili. Shule ya Wavulana ya Tabora imejulikana kwa mafunzo ya kijeshi. Na mjini Tabora ndiko kilikokuwa kikosi cha pili cha Tanganyika Rifles. Jeshi hilo lilipata jina hilo baada ya uhuru wa Desemba 1961, likavunjwa baada ya maasi ya Januari 1964. JWTZ iliundwa Septemba mwaka huohuo. Beji yenye jina hilo, ikiwa ni halisi, ni ya miaka hiyo michache tu. Basi maandishi ya beji ndiyo yatakayoonyesha kama ilikuwa ya mwanafunzi au ya askari. Isisuguliwe ili ing'ae, kwani kusugua hula maandishi hayo.

Sentensi sahihi: “Beji hii ya kofia ina nembo ya shule.”
Sentensi yenye kosa: “Babu alivaa nishani ya kadeti kwenye kofia.”

Tanbihi. Kukusanya si kuvaa: sheria ya Tanzania inakataza raia kuvaa sare za jeshi.

Taz. pia: nembo, nishani, sare, gwaride.