Pumzi (filamu)

Pumzi ni filamu fupi ya bunilizi ya kisayansi kutoka Kenya, iliyoandikwa na kuongozwa na Wanuri Kahiu mwaka 2009 kwa bajeti ndogo. Ilirekodiwa Afrika Kusini na kuonyeshwa katika tamasha la Sundance mwaka 2010. Kisa kinatokea miaka 35 baada ya Vita vya Maji. Watu wanaishi ndani ya jumuiya iliyofungwa. Umeme unazalishwa kwa mashine za mazoezi, na jasho na mkojo husafishwa kuwa maji ya kunywa. Asha, mtunzaji wa makumbusho, anapokea udongo wenye uhai, anapanda mbegu humo, kisha anatoroka nayo kwenda jangwani kuiotesha. Kwa watazamaji wa Isiolo, kaunti inayoujua ukame, uhaba huo wa maji si wa kubuni. Filamu hii inastahili watazamaji wengi zaidi nyumbani.