Uchovu usioisha safarini: kupumzika ao kwenda kwa muganga?

Kutoka Kisangani mpaka Beni, barabara ya taifa namba 4 inapita Bafwasende, Niania, Mambasa na Komanda. Wakati wa mvua, kamyo inaweza kukwama kwenye matope siku nyingi. Wenye kushuka na mto Kongo kutoka Kisangani mpaka Kinshasa wana zaidi ya kilometa 1700 mbele yao, na wanalala juu ya mizigo kwa majuma mengi. Wafanyabiashara na mashofere wengi wanasema kitu kimoja: mwili unachoka na hauamuki tena. Makala hii inaeleza juu ya nini, na namna ya kufanya.

Kuchoka kwa kawaida

Mtu mzima anahitaji angalau masaa 7 ya usingizi kila usiku. Safarini anapata 3 ao 4, tena anaamshwa kwenye kila bariere. Deni hilo la usingizi linaongezeka siku kwa siku. Ongeza jua, maji kidogo (wengi hawakunywe kwa kuogopa kuomba shofere asimame), na chakula cha mkate na chai tu. Uchovu wa namna hii unapungua ukilala vizuri usiku mbili tatu, ukikunywa na kukula ya kutosha.

Uchovu unaoficha ugonjwa

Kama umepumzika na bado miguu ni mizito, usiseme "ni safari tu". Malaria mara nyingi inaanza siku 10 mpaka 15 kisha mbu kukuuma, ni kusema unaweza kuugua mbali na pale ulipoambukizwa. Upungufu wa damu nao unachokesha: angalia ndani ya kope la chini, kama ni peupe, nenda kupimwa. Wanawake wenye mimba wako katika hatari zaidi. Kikohozi cha majuma mawili ao zaidi, pamoja na kukonda na jasho la usiku, kinaweza kuwa kifua kikuu.

Kuko pia ugonjwa wa usingizi, unaoletwa na mbung'o. Unaanza na homa, kichwa na viungo kuuma, unaweza kukaa miezi mingi mwilini. Baadaye mgonjwa analala mchana na kukesha usiku. Kongo ndiyo inchi yenye wagonjwa wengi zaidi wa aina ya gambiense. Dawa iko: fexinidazole, tembe za kumeza siku 10, na matunzo ni ya bure.

Tembe za nguvu

Njiani wanauzisha tramadol na tembe nyingine "za nguvu". Tramadol ni dawa ya maumivu, haiondoe uchovu. Inafanya mtu asisikie mwili wake, inaleta usingizi na kizunguzungu, na kuiacha ni vigumu. Kwa shofere ni hatari kwa wote walio juu ya kamyo. Mtu aliyekaa macho masaa 17 mfululizo anaendesha kama mtu aliyekunywa pombe. Kahawa inasaidia kwa muda mfupi, hailipe deni la usingizi. Macho yakianza kufunga, simamisha gari pahali salama, lala hata dakika 20, ao mpe mwenzako usukani.

Ya kufanya njiani

– Beba bidoni yako ya maji safi. Ukiharisha, changanya litre 1 ya maji, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi.
– Kula maharagi, karanga, sambaza ao mboga kila mara unapozipata.
– Lala ndani ya chandarua, hata kwenye chombo.
– Kwenye safari ya siku nyingi, chagua kituo kimoja cha kulala usiku mzima.

Wakati wa kwenda kwa muganga

Enda mara moja ukiwa na homa, macho ya manjano, kupumua kwa shida, kuzimia ao kuchanganyikiwa. Enda pia kama uchovu unapita majuma mawili. Kipimo cha haraka cha malaria kinatoa jibu kwa dakika 15 mpaka 20.

Ukifika, usiseme tu "nimechoka". Taja njia uliyopita, mahali ulipolala, tarehe, na kila dawa uliyomeza. Muganga wa Beni hawezi kufikiri ugonjwa wa usingizi kama hajui kwamba miezi mitatu iliyopita ulilala porini ya Maniema.